Picha ya Kumi

Yale mashati niliyashona mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Tangazo la tamasha lilisema kila familia itakayoshiriki ivae rangi moja, na mimi dukani nilikuwa na kitambaa cha chungwa kilichobaki kwenye oda ya vizibao vya watu wa barabara. Kitambaa kigumu, kinawaka, mtu akivaa unamwona akiwa bado yuko mtaa wa pili. Nikasema hicho hicho. Mume wangu alipovaa lake alijitazama kwenye kioo cha wateja, akageuka huku na huku.

"Mama Pacha," akasema, "hapa bado sepetu tu."

"Vaa unyamaze. Nataka mtoto atuone tukiwa mbali."

Mtoto mwenyewe ni Chaki, binti yangu mkubwa, ana miaka ishirini na sita. Jina hilo nilimpa mimi, maana tangu anatambaa alikuwa anaiba chaki zangu za kukatia nguo na kuchora sakafuni. Alizaliwa pacha na mwenzake wa kiume. Yule wa kiume alifariki akiwa na miaka ishirini na mbili, homa ya siku nne tu, na baada ya hapo watu wote waliacha kuniita Mama Pacha isipokuwa mume wangu. Mwaka mmoja baadaye Chaki naye akaondoka nyumbani. Miaka mitatu sasa hatujamtia machoni. Namba yangu ameifunga, simu za baba yake hapokei.

Aliondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Sizunguki mbuyu hapa, nasema kama ilivyokuwa. Alikuwa ananisaidia dukani, na kila jioni mimi nikienda nyumbani yeye anabaki nyuma. Nilidhani anamalizia vifungo. Kumbe anachora. Miezi miwili alichora ukutani, nyuma ya pazia la kupimia nguo, na asubuhi moja akalivuta pazia akaniambia, "Mama, tazama." Nikatazama. Alikuwa mwanangu, marehemu, ukuta mzima, anacheka, na lile jino lake lililopanda juu ya mwenzake.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniandaa. Nilichukua ndoo ya chokaa nikaufuta ule uso mbele ya wateja wawili, na Chaki aliponishika mkono nikamwambia neno ambalo hata adui humwambii. Nilimwambia kwamba Mungu naye alichagua vibaya wa kumchukua.

Hakulia. Alichomoa sindano alizokuwa amechomeka kifuani, moja moja, akazipanga juu ya meza ya kukatia, akatoka. Hasira hasara, husema watu, na wengi wanaosema hivyo hasara yao ni sahani mbili walizovunja.

Sasa wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, mteja aliniletea suruali imefungwa kwenye karatasi ya tangazo. Tamasha la sanaa kwenye bustani ya mabembea. Picha kumi zimefichwa humo ndani, familia inapewa kadi yenye mafumbo kumi, inazitafuta, na kila mchoraji amekaa pembeni ya kazi yake na muhuri wa kugonga kadi. Chini yamepangwa majina ya wachoraji, na katikati ya hayo majina, jina la mwanangu. Nilikaa juu ya robota la kitambaa, suruali ya watu mkononi. Niliona kitu kimoja tu: atakuwa amekaa mahali pamoja. Hata kama ananichukia, nikifika na kadi itabidi anigongee, na katika muda huo wa kugonga mimi nitakuwa nimeshasema. Maneno niliyapanga nikiwa kwenye cherehani. Nisamehe mwanangu, nilikukosea. Mtu anaweza kuyasema kabla muhuri haujakauka.

Kitinda, binti yetu wa mwisho mwenye miaka kumi na tano, hakutaka twende wote. "Mama, niende mimi kwanza," aliniambia zaidi ya mara moja. "Nitamwambia, halafu ninyi mje siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Jumapili ndiyo mwisho. Na tangu lini mtoto akamwombea mama yake msamaha?"

Akanyamaza. Angebishana ningemsikiliza pengine. Lakini mimi watu nimewazoesha kunyamaza.

Basi Jumapili saa nne asubuhi tukaingia, watatu wa chungwa. Familia nyingine zilikuwa za bluu na za kijani kistaarabu. Sisi tulionekana kama tumekuja kuziba mashimo. Mtoto mmoja alimwuliza baba yake kama sisi ndio tunaoendesha treni.

Kitinda alisoma mafumbo, mimi nikakimbia. Picha ya kwanza ilikuwa ndani ya kibanda cha tiketi, ukitazama juu. Nilitazama aliyekaa na muhuri kabla sijatazama picha: mwanamume mwenye ndevu. Haya, twende. Fumbo la pili lilisema, "Wanagongana na hakuna anayeita polisi," nikajua ni vile vijigari vya umeme vya kugongana. Mchoraji alikuwa mama mtu mzima, mpole, akataka kunieleza picha yake. Nikamwambia nzuri, nzuri, gonga mama. La tatu lilikuwa kwenye farasi wa mbao. La nne tulilitafuta karibu saa nzima, tukazunguka gurudumu kubwa mara tatu, kumbe picha ipo chini ya benchi na sharti uiname. Hapo mwenye muhuri alikuwa msichana, amenipa mgongo, shingo ndefu, nywele fupi, nikamwita kwa kelele, "Chaki!" Akageuka. Hakuwa yeye.

"Umemtisha mtoto wa watu," Baba Pacha akaninong'oneza.

"Si angekaa ananitazama!"

Mume wangu ni fundi wa friji. Kila tulipopita kwa muuza vinywaji yeye alisimama kusikiliza mashine. "Hii kompresa inakaribia kufa," anasema, huku mimi namvuta shati. Nilimkaripia. Baadaye ndio nikaelewa alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa huenda kwenye kitu anachokijua. Kwenye picha ya sita alikaa kabisa kwenye ukingo wa maua akasema, "Mama Pacha, na asipotaka?"

"Asipotaka nini?"

"Kutuona."

"Yule ni damu yangu," nikamwambia, "atanitukana, sawa, anitukane, lakini atakuwepo." Yeye akasema haya.

Picha ya saba, ya nane. Saa nane mchana jua linachoma, kitambaa kile hakipitishi hata upepo, nimelowa mgongo mzima. Kwenye picha ya tisa, nyuma ya jiko la bisi, alikaa kijana mwenye miwani. Alipotuona tu akacheka.

"Ah, kumbe ndio ninyi! Dada wa picha ya kumi amenipigia simu sasa hivi. Anauliza watu wa chungwa wamefika wapi."

Jamani. Nilimshika Baba Pacha mkono nikamminya hadi akaguna. "Umesikia? Umesikia wewe wa asipotaka? Anatuulizia! Mtoto anatungoja!" Yule kijana naye akafurahi bila kujua anafurahia nini, akagonga muhuri kwa nguvu. Machozi yalinitoka nikayaacha. Nilijifuta uso kwa pindo la shati nikaanza kujitengeneza kilemba. Kitinda alikuwa ameinamia simu yake.

"Mama, twende polepole," akasema.

"Polepole ya nini? Soma fumbo!"

Akasoma kwa sauti ndogo. "Ukinitazama umenenepa, ukisogea umekonda."

Nyumba ya vioo. Hata mjinga angejua. Ipo kwenye kiinuko mwisho wa bustani, unaipanda kwa ngazi thelathini na kitu, na mimi magoti yangu ya cherehani siku hizi hayapendi ngazi. Siku hiyo nilizipanda. Nilizipanda nikiwa nasema maneno yangu kwa mdomo, kimyakimya, nisiyasahau.

Juu, ubavuni mwa ile nyumba, picha ilikuwa imening'inizwa ukutani. Mbele yake kiti cha plastiki. Juu ya kiti, muhuri na kidau cha wino, kimefunguliwa. Chini, mkoba wa kitambaa na mkate umeumwa upande mmoja, umefungwa kwenye karatasi. Mtu hayupo.

"Amekwenda chooni," nikasema.

Mwanamke aliyekuwa akiuza barafu pale pembeni akatutazama mashati, akatazama chini. "Alikuwepo sasa hivi," akasema. "Amesimama tu ghafla, akaenda."

Nikageuka kuangalia kule tulikotoka. Kutoka pale unaona bustani yote, kila njia, hadi getini. Mabluu na makijani yamechanganyika na miti, huwezi kuwatofautisha. Mtu wa chungwa ungemwona tangu anakata tiketi. Alikuwa ametuona asubuhi nzima, picha kwa picha, tunavyosogea.

Nilitazama ile picha kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Lilikuwa duka langu. Cherehani, na mpira uliokatika nikaufunga kwa kamba. Meza ya kukatia, na mkasi wangu, na sindano zimepangwa. Pazia limevutwa pembeni. Na nyuma yake ule ukuta, mweupe, chokaa mbichi, inatiririka kwenye kona, na ndoo chini. Nikasogea. Nikaweka uso karibu kabisa, pua inagusa rangi, nikitafuta jicho, jino, chochote chini ya ule weupe. Nilisema hatakosa kuacha hata alama ndogo ya kaka yake. Hakuacha. Aliichora kazi yangu, yake hakuichora.

Baba Pacha alikuwa amesimama mbele ya kile kiti bila kukaa. Tulingoja. Familia ya kijani ikaja, ikamkosa wa kuwagongea, wakajigongea wenyewe, wakaenda. Tulingoja robo saa, nusu saa. Kila msichana aliyepanda ngazi nilimwona ni yeye mpaka anafika.

Kisha Kitinda akasema, "Mama, usinipige."

Sijampiga mtoto huyo tangu aanze shule, lakini ndivyo alivyoanza. Akaniambia yeye na dada yake huwa wanaandikiana. Tangu mwaka ule alioondoka. Amewahi kuonana naye mara nne, mara tano. Akanyoosha simu kunionesha, halafu akairudisha kifuani.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema mkiondoka atarudi kuchukua mkoba wake."

Zamani ningewaka. Ningeuliza ni mtoto gani huyu anayemfukuza mama yake kwa simu, ningeushika huo mkoba nikatangaza nitaulalia. Niliitafuta hiyo hasira, kweli niliitafuta, maana ingenisaidia kusimama.

"Mwandikie," nikasema. "Mwandikie mama anasema nisamehe mwanangu, nilikukosea. Andika hivyo hivyo, usipunguze."

Akaandika. Tukakaa tunaitazama ile simu sote watatu, pamoja na muuza barafu. Ikalia.

"Amesema amesikia."

"Halafu?"

"Basi, mama."

"Hakuna kingine? Tazama vizuri."

Akatazama, kwa heshima tu, akatikisa kichwa.

Nilichukua ule mkate nikaufunga vizuri kwenye karatasi yake, maana nzi walikuwa wameanza, nikauweka juu ya mkoba. Mkoba sikuugusa zaidi ya hapo. Ushonaji wake ulikuwa mbaya, mishono mirefu, ameshona kwa mkono. Kitinda akaigonga kadi yetu muhuri wa kumi, sijui kwa nini, labda mikono yake ilitaka kazi.

"Wewe baki," nikamwambia. "Mkae naye. Ale. Usije nyumbani mapema."

"Nimwambie nini?"

Baba Pacha ndiye aliyejibu. "Mwambie friji yake ikiharibika," akasema, halafu akashindwa kumalizia.

Tukashuka zile ngazi wawili. Sikugeuka nyuma. Nilitaka, Mungu anajua, lakini niliogopa akiniona nageuka atangoja zaidi, na alikuwa hajamaliza kula.

Getini kijana wa tamasha aliiona kadi mkononi mwa mume wangu akaruka. "Mmemaliza zote kumi! Hongereni sana, watu wengi wameshindwa!" Akatuvuta mpaka mbele ya pazia jekundu, kulikuwa na mpiga picha na kamera kwenye miguu mitatu. Zawadi yenyewe ndiyo hiyo, picha ya familia, unapewa na fremu. Mpiga picha alituweka katikati, akarudi kwenye kamera, akachungulia, akainua kichwa. Nafasi ilikuwa kubwa pande zote mbili.

"Wengine wako wapi?" akauliza. "Tuwasubiri?"

"Wanakuja," akasema Baba Pacha.

"Hawaji," nikasema. "Hawaji mpaka sisi tuondoke. Piga hivyo hivyo."