Mama Mkwe Juu ya Lifti

Jumapili baada ya misa Therese alitakiwa kutoa jibu, na jibu hakuwa nalo. Mumewe, Celestin, alikuwa ameshautua mzigo mapema. Washenga wa fundi gari mmoja wa Kimuli walipofika Mabira kumposa binti yao Nikuze, Celestin aliinywa rubisi yao, pombe ya ndizi, mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo, akasema, "Mimi sina neno. Muulizeni mama yake." Wanaume hao jamani. Mambo yakiwa mepesi wao ndio vichwa vya nyumba. Yakiwa mazito, muulizeni mama yake.

Sasa mama yake aseme nini? Huyo fundi, Telesfori, hakuwahi kumtia machoni. Kwa watu wa kwao Therese, mama na mwanamume anayemposa bintiye hawatazamani wala hawasemezani mpaka arusi ipite. Wakikutana njiani, mmoja anachepukia migombani na kujifanya anaokota kuni. Vizuri, mila ni mila. Lakini umtoe binti yako wa mwisho kwa mtu ambaye hujui hata anavyokohoa? Tena kwa binti mkubwa, Mahoro, Therese alikuwa ameshapigwa changa la macho. Mume wa Mahoro, Placidius, ni bingwa wa "ndiyo mama". Mtumie ujumbe kwamba paa linavuja: ndiyo mama. Mtoto hana viatu: ndiyo mama. Mvua zimekuja na kuondoka, na Mahoro bado analala na sufuria kitandani ya kukinga maji. Therese alikuwa ameapa kwamba "ndiyo mama" wa pili haingii kwenye ukoo huu.

Basi likamjia wazo, na lilipomjia alicheka peke yake jikoni mpaka akamwaga maharage. Kaka yake, Habumugisha, alikuwa na gari dogo lililong'olewa viti vya nyuma libebe ndizi, ambalo siku hizi lilikuwa likigonga chini upande wa kushoto, ngo-ngo-ngo, toka Mabira mpaka Kimuli. Gari linahitaji fundi, na fundi yupo. Therese angelala nyuma chini ya turubai, katikati ya mikungu michache ya ndizi, amchungulie huyo bwana kazini kwake, kisha arudi nyumbani na jibu. Nani angejua? Habumugisha alikataa, akabembelezwa, akakubali. Kwa dada yake hana ujanja.

Njiani Habumugisha akanunua kuku, akamfunga miguu, akamrusha nyuma. Kuku akatua juu ya dada mtu. Wakaenda hivyohivyo, mmoja analalamika na mwingine anacheka chinichini, mpaka Kimuli.

Katikati ya gereji ya Telesfori kulikuwa na kitu ambacho watu walikuja kukitazama hata kama hawana gari: lifti ya mkasi. Vyuma vyake vinajikunjua kama mkasi na kulibeba gari zima hewani, fundi akasimama chini yake bila kuinama. Therese aliinua pembe ya turubai, akaweka jicho kwenye kioo. Alimwona kijana mwenye masikio makubwa na ovaroli safi kiasi, amepiga magoti kando ya lifti, ana kopo la grisi.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Nisubiri kidogo, leo ni siku ya kuipaka grisi."

"Si utapaka baadaye? Nina haraka," alisema Habumugisha.

"Nikimaliza nitakuhudumia, mzee."

Wala hakusema kwa ubaya. Alipaka kiungo kimoja kimoja, akapitisha kitambaa kwenye mipira inayopitisha mafuta kuona kama kuna unaovuja, akaipandisha lifti ikiwa tupu, akaishusha, huku ametega sikio. Chini ya turubai Therese alikuwa anaiva kama ndizi za pombe shimoni. Alimkasirikia yule kijana, halafu akajikuta anamtazama tena.

Hatimaye gari likaingizwa juu ya lifti. Telesfori akapanga vipande vya raba chini ya chasisi, akarudi kuvikagua upande wa pili, akasema, "Breki ya mkono umevuta? Haya, mshuke wote."

"Niko peke yangu," alisema Habumugisha, na kuku akalia.

"Huyo nani?"

"Kuku."

"Kuku naye ashuke. Chenye pumzi hakibaki ndani."

Telesfori akanyoosha mkono afungue mlango wa nyuma. Habumugisha alirukia pale kama kijana wa miaka ishirini, akamwambia huyo kuku ni mkali, nitamtoa mwenyewe. Akaingiza mkono, akashika mguu wa dada yake, akauachia, akashika wa kuku.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna," alisema Habumugisha, mzee wa kanisa, mbele ya Mungu na mafundi wawili. Therese alijiziba mdomo kwa kitenge asipasuke.

Gari likanyanyuka kimo cha kiganja, likasimama. Telesfori akalisukuma huku na huku kuona kama limekaa sawa. Mkungu ukabiringika, ukamkalia Therese kifundoni. Akauma kitenge, machozi yakamtoka, hata yeye hakujua kama ni ya maumivu au ya kicheko. Kisha gari likapanda moja kwa moja. Huko chini loki za kuizuia lifti isianguke zikawa zinalia ka-ka-ka.

Laiti angelala tu. Lakini mtu umri wote ule hajawahi kupanda juu akiwa amelala chali, utamlaumu? Alichungulia kidogo, akachungulia zaidi, mwisho akakaa kitako kabisa. Juu ya ukuta wa gereji aliiona Kimuli yote: mabati, kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, vijana wa bodaboda wakibishana, na migomba inakwenda vilima kwa vilima mpaka kwao Mabira. Furaha ilimpanda kichwani. Barazani ng'ambo ya pili mwanamke aliyekuwa akimenya ndizi alimwona, akampungia kisu. Therese akampungia mikono yote miwili.

Telesfori alikuwa ameshawasha tochi, anainama kuingia chini. Alimwona yule mwanamke akipungia gari. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua macho.

"Mzee, kuna mtu ndani ya gari lako."

Habumugisha alitaka kukana, lakini utakanaje mtu anayepunga mkono? Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kaburini, "Ni dada yangu. Mke wa Celestin wa Mabira. Mama yake Nikuze."

Tochi ilimponyoka. Kufumba na kufumbua Telesfori alikuwa amempa gari mgongo, na fundi mwenzake naye akageuka. Hata mteja aliyekuwa akinywa chai aligeukia ukutani na kikombe chake. Kule juu Therese akajifunika kitenge usoni, akabakiza jicho moja.

Habumugisha akamsogelea kijana. "Sikiliza. Kaza hicho kinachogonga upesi, yeye akae hukohuko. Hujamwona, hajakuona. Tukitoka hapa hakuna kilichotokea."

Therese alitega sikio. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Hapana, mzee. Mtu akiwa juu siingii chini. Na juu simwachi."

"Basi mshushe hivyohivyo ulivyogeuka."

"Lifti haishushwi kwa mgongo. Lazima niitazame pande zote mpaka iguse sakafu."

"Ukimtazama umeharibu posa yako. Jumapili nitakaa kwenye kikao, na nitasema nilichokiona. Usije ukasema hukuambiwa."

 Telesfori alijifuta mikono, akajifuta tena, mikono ambayo ilikuwa safi. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka, na Therese alimwonea huruma mpaka akasahau kwamba yeye ndiye aliyeyaleta yote haya. Alijua kijana huyu anampenda Nikuze. Nikuze naye hata chakula hakikuwa kikimshuka kwa ajili yake. Alitaka ageuke. Aliogopa atageuka.

Akageuka. Akamtazama mama mkwe usoni, macho kwa jicho, kijasho kinamtiririka.

"Shikamoo, mama," alisema. "Naomba ukae katikati, ushike kiti cha mbele, usifungue mlango. Utapanda kidogo kwanza, ndipo ushuke. Usishtuke, ni loki zinaachia."

Kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Lifti iliposhtuka na kwenda juu badala ya chini, Therese alikumbatia mkungu wa ndizi, akasema, "Mana yanjye, Mungu wangu," akijua anapelekwa mbinguni na viatu vyake. Halafu ikaanza kuteremka polepole. Telesfori alitazama kushoto, akatazama kulia, kidole kiko kwenye kitufe. Ilipofika usawa wa magoti akaisimamisha.

"Mzee, mguu."

Kiatu cha Habumugisha kilikuwa kimeingia chini ya ukingo. "Wewe shusha, nitautoa."

"Utoe kwanza."

Habumugisha akautoa, amenuna. Lifti ikagusa sakafu, mlango ukafunguliwa, na Therese akateremka. Akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu. Kicheko kilimrudia, akacheka mpaka mabega yakamcheza, na gereji nzima hakuna aliyethubutu kucheka naye.

Telesfori alikuwa ameshageukia ukuta. "Mama, nisamehe," alisema. "Nilipaswa kulifunua lile turubai mwenyewe, nikaamini neno la mtu. Hilo ni kosa langu. La kukutazama siombi msamaha. Ukiwa juu tena, nitakutazama tena."

Therese alikuwa na maneno mia ya kumwambia, na mila ilimfunga mdomo. Alinyanyuka, akatoka nje, na kaka yake akamfuata huku akisema mambo yamekwisha, Jumapili atawarudisha washenga walikotoka.

Simu ikaita. Habari za Kimuli hazisubiri bodaboda. Nikuze alikuwa ameshapigiwa.

"Mama, eti umepandishwa kwenye lifti?"

"Nimeshashuka."

"Amekuona?"

"Amenikodolea macho kabisa. Akanisemesha, tena kwa amri, kaa hapa, shika pale. Mjomba wako akamwambia aniache juu, akakataa. Akamwambia anishushe bila kunitazama, akakataa. Akaambiwa posa itavunjika."

Upande wa pili kilio kikaanza, kile cha mtu anayejikaza. "Basi, mama. Nimeelewa. Waambieni washenga wasije."

"Unalia nini, wewe mtoto?" Therese alisema. "Alijua anakupoteza, Nikuze. Nilimwona akijua. Na bado akanishusha."

Nikuze alivuta kamasi. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nenda kachague kitambaa cha gauni."