Michoro ya Papa Reine

Emérance alideki jumba la makumbusho la Minneapolis kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa. Jumanne moja ya mwaka 2014 alikuta chumba cha mwisho kimetundikwa picha mpya, chapa ndogo za Kiingereza za miaka ya 1780. Aliegemea mopu akatazama. Katika picha moja mfalme alikuwa na tumbo kama gunia, na waziri wake alimlisha mkate uliotoka mikononi mwa watu waliokonda. Emérance akacheka peke yake, kisha machozi yakamtoka.

Mumewe, Thaddée, aliwahi kuchora hivyohivyo kule nyumbani Uvira. Alimchora mkubwa wa mji, na watu wakapitishiana karatasi sokoni. Siku askari walipoanza kupekua mtaa wao, Emérance aliitia michoro yote kwenye makaa. Thaddée hakumlaumu hata siku moja. Lakini hakuchora tena, si katika kambi ya wakimbizi Burundi, si hapa Fridley, kando ya Minneapolis, alikofanya kazi kiwandani.

Jumamosi Emérance akamwita kwa jina la binti yao, "Papa Reine, vaa koti. Kuna kitu nataka ukione."

Kule jumbani, mbele ya picha ile, Thaddée alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mama Reine, angalia mistari hii. Mtu amechonga kwenye bamba la shaba, tena kinyume, ili karatasini itokee sawa."

"Na mfalme hakumfunga?"

Thaddée alisoma maelezo ukutani, polepole. "Hawasemi." Akaangua kicheko mpaka mlinzi akageuka.

Emérance alimshika mkono. "Mimi nilichoma za kwako. Sijawahi kukuomba pardon."

"Reine alikuwa na miezi mitatu. Ungefanya nini?"

"Naomba hata hivyo."

"Haya. Nimekusamehe," alisema Thaddée.

Kesho yake, baada ya ibada, Thaddée alikaa mezani na penseli, akageuza karatasi ya ratiba ya kanisa. Akachora kofia, shingo, mkanda uliobana. Halafu akasita.

"Sura ya mkubwa yule imenitoka. Miaka kumi na sita!"

Emérance aliacha kukoroga sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Siku ile, kabla ya kuichoma michoro, alikuwa ameitazama mmoja mmoja.

"Masikio yalikuwa makubwa kuliko hayo," alisema. "Na videvu vilikuwa viwili."

Thaddée akafuta. Emérance akavuta kiti, na bega kwa bega wakamtengeneza yule mkubwa upya, mpaka Reine alipokuja kuuliza chakula kiko wapi.