Mjane wa Michembe

Klementina alikuwa anauza michembe pale Somanda, mjini Bariadi, na michembe yake ilikuwa safi, nasema bila kumpendelea. Viazi vitamu vimemenywa, vimekatwa vipande vyembamba, vimeanikwa juu ya mikeka, si chini kwenye vumbi wanakopita mbuzi. Shida ilikuwa mtu wa kumuuzia. Bariadi nani anunue michembe wakati kila nyumba inayo yake? Enzi za baba yake mtu alipeleka pamba ushirika, akapimiwa, akarudi zake nyumbani. Siku hizi soko ni huria, bwana, kila mtu apige kelele kivyake, na kelele zenyewe zimehamia kwenye simu.

Basi akamfuata Goodness. Hawa wawili waliimba kwaya moja, sauti ya pili, bega kwa bega miaka minane, na Goodness alikuwa na kibanda karibu na stendi akiwatengenezea watu matangazo ya mtandaoni. Isitoshe, ndiye angekuwa msimamizi wa Klementina kwenye ndoa. Ndiyo, ndoa. Klementina na Mahona walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minne, wana watoto watatu, mkubwa wao Minza, na ndoa haijabarikiwa. Kila Jumapili wenzake wakienda kupokea komunyo yeye anabaki ameinamia kitabu cha nyimbo. Sasa majina yalishafika kwa katekista Januarius, ndoa ni Agosti. Mahona alikuwa Mkula na ng'ombe, kwenye malisho, kama kila mwaka. Alichokuwa anauzia michembe Klementina ni siku hiyo moja tu ya Agosti. Kingine hakukitaka.

Tangazo la kwanza alilitunga mwenyewe: "Michembe safi, tamu, ya Bariadi." Picha ilikuwa ya sahani. Wiki mbili, laiki sitini, wanunuzi wanne, na mmoja wao ni shemeji yake.

"Unawaonyesha watu ovyo ovyo," Goodness akamwambia. "Tuwalenge Wasukuma walioko Dar, Dodoma, Arusha. Hao wanapakumbuka kwao. Na picha iwe yako wewe, sahani haimgusi mtu. Niachie mimi."

Akampiga picha uani, amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, ameinama. Wee! Wiki hiyo hiyo simu ikaanza kuita mpaka chaji ikawa haikai. Gunia linapanda basi la Dar Jumatatu, mengine mawili Alhamisi. Klementina akatafuta wanawake wawili wa kumsaidia kumenya. Alimsifia Goodness mpaka watu wakachoka kusikia.

Ila wateja walikuwa na jambo. "Mwangaluka mayu, pole sana," wanamsalimu kwa Kisukuma. Yeye akajua ni pole ya kazi, anaitikia, nimeshapoa. Mwingine anasema Mungu akutie nguvu, naye anasema amina. Mpaka siku mama mmoja wa Dar, Veronica, alipotuma kifurushi kwa basi: kanga doti mbili na karatasi iliyoandikwa, "Pole kwa kufiwa na baba watoto."

Akampigia Mahona papo hapo. Simu ikaita, ikapokelewa, "Niko na ng'ombe, nitakupigia," ikakatwa. Yuko hai! Klementina akakaa chini akacheka kwa ile hofu iliyomtoka. Kisha akamwomba Veronica amrushie hilo tangazo aliloliona.

Picha ni ile ile ya uani. Chini yake: "Mume amefariki ghafla. Watoto watatu wanamtazama yeye. Nunua michembe ya mjane wa Bariadi, umfute machozi."

Hakuwahi kuliona kwa sababu Goodness alilifungia lisionekane mkoa mzima wa Simiyu, Bariadi ikiwemo. Mnauona ujanja huo? Dar wanalia, Bariadi hawana habari.

Alivyoingia kibandani hakusalimia. "Goodness! Umemuua mume wangu?"

"Mama Minza, kaa kwanza."

"Sikai! Mtu yuko Mkula anachunga, wewe unamchuria kifo ili viazi vinunuliwe? Akisikia je? Agosti nitasimama naye vipi mbele ya padri?"

Goodness akajitetea. Aliweka matangazo mawili siku moja, kwa watu wa aina moja: la usafi na utamu lilileta meseji kumi na moja, la mjane mia nne na kitu. "Watu hawanunui kiazi, Mama Minza, wananunua huruma. Nilitaka ufanikiwe."

"Lifute. Lifute sasa hivi, halafu mpigie Mahona umwombe radhi."

Goodness akavuta simu yake. "Anajua," akasema.

"Anajua nini?"

"Niliogopa kumwandika mtu aliye hai kuwa amekufa bila ruhusa yake. Nilimuuliza." Akabonyeza ujumbe wa sauti kwenye simu, maana hakuwa na pa kutokea tena.

Sauti ya Mahona ikajaa kibandani, ile ya polepole ambayo Klementina angeitambua hata usingizini. "Goodness, we andika tu. Mwandike mjane, itamsaidia. Mi huko sirudi, nimeshaoa huku, nilikuwa sijui pa kuanzia kumwambia. We usimwambie kwanza." Nyuma yake mwanamke akaita, "Baba Salu, chakula!" na katoto kakaanza kulia.

Klementina hakuwa na mtoto anayeitwa Salu.

"Alituma lini hii?"

"Mwezi wa tano."

Nao walikuwa mwisho wa mwezi wa saba. Mahona alimuumiza, tena vibaya. Lakini Goodness! Jumapili zote hizo wamesimama wameshika kitabu kimoja, wanaimba, na mwenzake anajua.

"Uliniacha nichague kitambaa," akasema. "Juzi tu ulinishikia futi nikipimwa gauni. Goodness, ulinishikia futi!" Machozi yakamtoka, mengi, bila sauti.

Goodness naye akalia kidogo, siwezi kumsingizia. Kisha akaacha. Akamtazama Klementina, akautazama mwanga wa mlangoni ulivyomwangukia usoni, na mkono wake ukanyanyua simu.

"Mama Minza," akasema taratibu, "usijifute kwanza."

Klementina akajifuta. Alijifuta kwa kanga, kwa mikono miwili, mpaka uso ukawa mkavu kabisa. Simu yake ikaita, namba ya Arusha.

"Mwangaluka mayu. Nimeona tangazo. Pole sana kwa kufiwa."

"Hajafa," Klementina akasema, macho yakiwa kwa Goodness. "Ameoa Mkula. Michembe ni ile ile. Unataka kilo ngapi?"