Kumi na Tisa Wote Wamepata Nafasi

Doreen Hesketh alikuwa akimvisha Bi Edith soksi wakati afisa wa halmashauri alipofika na orodha yake. Kampuni iliyoendesha nyumba ile ya wazee ilikuwa imefilisika Ijumaa, na kufikia Jumatatu hiyo wahudumu walikuwa wamebaki watatu.

Afisa, mwanamke mpole aitwaye Gillian Tasker, alieleza kwamba sheria inaibana halmashauri: mzee yeyote asikose huduma. Wote kumi na tisa walikuwa wamepata nafasi katika nyumba nyingine. Magari yangefika saa nne.

Doreen aliisoma orodha. Edith Postlethwaite, Carlisle. Alwyn Postlethwaite, Barrow. Mji mmoja kaskazini kabisa, mwingine pwani ya kusini.

"Hawa ni mke na mume," alisema. "Miaka hamsini na minane."

"Najua, dada. Bibi anahitaji muuguzi, mzee hahitaji. Nyumba zinazochukua wote wawili zimejaa."

Doreen aliomba wapewe wiki moja tu. Gillian akamuuliza, bila ukali, nani angewahudumia wiki hiyo. Doreen alikuwa zamu tangu juzi, miguu imevimba.

"Ni kwa muda tu, mzee," Gillian alimwambia Alwyn, aliyekuwa ameketi kando ya mkewe. "Baada ya wiki sita tutaangalia upya."

"Nina miaka tisini na mmoja, mama," alisema Alwyn. "Hizo wiki sita mnampa nani?"

Gillian aliinamia karatasi zake.

Gari la Carlisle lilitangulia. Edith, ambaye siku hizi hakukumbuka hata jina la mumewe, aliuliza yule bwana yuko wapi. Dereva akamwambia anakuja nyuma. Alwyn alisimama dirishani amefunga tai, akamwacha aamini.

Kufikia saa nane vyumba vilikuwa vitupu. Gillian alipiga simu ofisini kutoa taarifa: wote wamehamishwa salama, hakuna aliyekosa huduma. Na ilikuwa kweli.

Saa kumi na moja, Doreen akikunja mashuka, muuguzi wa Carlisle alipiga simu. Bibi amekataa kula. Je, kuna namna?

"Anakula akishikwa mkono."

"Sawa. Yeyote tu?"

"Hapana. Mumewe."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikibofywa.

"Haya," alisema muuguzi. "Nitaliandika kwenye faili."