Matangi Manne Yaliyoibiana Maji

Siku ya tatu hiyo, na majibu yangali kombo. Idara ya maji ilikuwa na programu kongwe iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta ya zamani, kazi ya mhandisi aliyekwisha kustaafu. Ndiyo iliyogawa maji ya juma zima kwa matangi manne, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Yeye, mwanaprogramu mpya wa idara, alitakiwa aiite tu kutoka kwenye programu mpya ya Python, lugha ya siku hizi: huku unapeleka jedwali, kule unarudishiwa jibu. Kazi ya siku moja, walisema. Msemaji hachoki mgongo.

Jumla ilikubali mpaka lita ya mwisho. Ila tangi la mlimani lilifurika Jumatatu, Jumanne likaachwa kavu.

Simu ikalia. Mama yake.

"Leo utamkuta mtoto macho, au ndo yale yale?"

"Nakuja, mama. Saa kumi na mbili niko hapo."

"Na jana ulisema hivyohivyo. Mwanao kaanza kuniita mimi mama, shauri yako."

Alikuwa akitania. Binti yake akaaga, akakata simu. Akameza aibu, akampigia mstaafu.

"Shikamoo, mzee. Programu yako inanitoa jasho."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe bado i hai? Nilidhani mmeshaizika! Jumla inakubali?"

"Inakubali. Ila matangi yanaibiana."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Hebu niambie, hiyo lugha yenu inasomaje jedwali? Inakwenda ubavu, ikimaliza mstari ndo inashuka?"

"Ndiyo."

"Basi yangu inashuka kwanza, mpaka chini, ndo inahamia safu ya pili. Namba ni zile zile, mwanangu. Umezilaza vyumba vya watu."

Siku tatu! Alikuwa amepekua kila kona isipokuwa hiyo. Akaandika agizo moja fupi, jedwali lipangwe kwa kushuka, akaendesha. Tangi la mlimani likapata haki yake, Jumatatu na Jumanne. Hakushangilia, nguvu hizo angezitoa wapi? Alizima mashine, akabeba mkoba.

Alipofungua mlango, mtoto alikuwa mapajani mwa bibi yake, kope zikimwelemea. Alimtazama bibi, akamtazama aliyeingia. Hakumwita kitu. Alinyoosha mikono miwili tu.

Mama akakaa sakafuni palepale, na viatu vyake, akampokea.

"Haya," bibi akasema taratibu, "mwenyewe huyo kaja."