Picha Iliyokatika Mkia

Pale kwenye duka la uchapaji walimwita Kidoti, kwa sababu hakuna nukta iliyokaa vibaya kwenye picha ikaponyoka jicho lake. Asubuhi moja mama mkwe wake akaingia na CD ya kompyuta iliyofungwa kwenye leso.

"Mwanangu, humu mna picha ya marehemu baba yenu. Ya rangi ni hii moja tu. Nitolee kubwa, wajukuu wamjue babu yao."

Faili lilikuwa la PCX, aina ya zamani ambayo wengi wameshaisahau. Programu mpya ililikataa katakata. Kidoti akaingia chumba cha nyuma, akaondoa maboksi juu ya kompyuta kuukuu, akalifungua huko. Picha ikaja. Marehemu alikuwa kijani kibichi, meno ya zambarau.

Mama mkwe, aliyesimama nyuma yake, akainama kuitazama. "Mume wangu alikuwa na mambo mengi," akasema, "ila hili hakuwa nalo."

Kidoti akabana kicheko. Alijua kwamba PCX za namna hii huweka orodha ya rangi zake mwishoni kabisa mwa faili. Akachungulia huko, na kweli, mkia ulikuwa umekatika. Sura imebaki, rangi zimekwenda na maji.

"Mama, siku ile alipigwa picha peke yake?"

"Hata mimi nilipigwa. Kiti kimoja, kwa zamu. Yangu imo humo humo."

Ya mama ilifunguka safi. Kama mpiga picha alitumia orodha moja kwa zote mbili, huenda bahati ikawaangukia. Kidoti akatengeneza nakala za mafaili yote mawili, akachukua mkia wa faili la mama, akauunga kwenye la baba, kisha akafungua tena huku ameuma mdomo.

Uso ukaja wa maji ya kunde. Sweta likaja rangi ya damu ya mzee. Hapo akavunjika moyo, maana mumewe hakuchoka kusimulia sweta la bluu la baba yake.

"Nadhani nimekosea, Mama. Mwanao husema lilikuwa la bluu."

"Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, atakumbuka nini? La bluu lilikuwa lake mwenyewe, la utotoni. Hili nililifuma kwa mikono yangu, uzi ukaniishia kwenye mkono wa kushoto, nikamalizia na wa kijivu. Hebu sogeza."

Kidoti akaikuza picha. Pale kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ukanda mwembamba wa kijivu ulikuwa umetulia.

Akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi. Kabla ya lolote, akahifadhi picha kwa aina mpya ya faili, nakala tatu, mahali patatu. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa anafuta macho kwa ile leso, anatabasamu.

"Sasa nipe kiti, mwanangu. Miguu imeshakufa ganzi."