Pistoni ya Nyuma

Gari lilikuwa la marehemu mwanangu Yotham, la mtumba kutoka Japani, alilofanyia teksi hapa Dodoma. Mkwe wangu Yudith alikuwa anarudi nalo kwao Kahama, pamoja na mjukuu wangu wa pekee, Hana, wa miaka mitatu. Lameck, kaka yake Yudith, alikuja kuwachukua.

"Shikamoo mama. Pedi za breki za nyuma zimekwisha mpaka chuma," aliniambia asubuhi ile ya Jumapili, akitega mawe kwenye magurudumu ya mbele. "Nabadilisha hapa hapa uani. Nusu saa tu, tunaondoka."

"Nusu saa ya Kahama au ya Dodoma?"

Akacheka. Akapiga jeki, akavua gurudumu, akafungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi, na kuchomoa pedi kuukuu. Pedi mpya zilikuwa nene. Ili ziingie ilibidi pistoni inayozisukuma irudi ndani. Akaibana kwa klempu ya seremala. Haikusogea. Akaongeza nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mimi nilikuwa kizingitini nachambua mlenda, na kosa lake nililijua. Niliishia darasa la nne, lakini Yotham gari lake alilitengeneza uani hapa, na mshika spana wake nilikuwa mimi. Pistoni ya mbele unaisukuma. Ya nyuma, kwa gari lile, imeungana na hendibreki, kwa hiyo inazungushwa. Nilijua, nikanyamaza.

Maana Lameck alikuwa amesema kwamba likizo yake inakwisha. Gari lisipopona leo atapanda basi peke yake, maana mizigo yao haibebeki kwenye basi, na hawa atawarudia Krismasi. Ilikuwa Juni. Miezi sita ya Hana kulala mgongoni kwangu!

Shemeji yangu Eliakimu alishatamka tangu matanga: ng'ombe tulitoa, mtoto ni wa ukoo, mama yake aende akitaka. Nilikataa. Mtoto hanyang'anywi mama. Lakini kukaa kimya si kunyang'anya; ndivyo nilivyojidanganya, jani baada ya jani.

Saa sita Lameck akatupa klempu chini.

"Basi. Yudith, fungua mizigo."

Yudith hakubisha, wala hakulia. Aliingia ndani akatundika magauni ya Hana kwenye kamba ile yenye mashati ya mumewe, ambayo mwaka mzima sikumruhusu kuyagawa. Akatoka, akachuchumaa, akaanza kuosha vyombo vyangu, hata vilivyokuwa safi.

"Mama, nikupikie nini?" akauliza. Hakuniangalia.

Nikaweka ungo chini.

"Lameck, baba, inazungushwa."

"Nini, mama?"

"Hiyo pistoni. Ina vitundu viwili usoni. Achia hendibreki, tia ncha za koleo, zungusha kulia huku unasukuma."

Alinikazia macho. "Kumbe ulijua tangu asubuhi?"

"Zungusha, mwanangu."

Ikazunguka, ikaingia taratibu. Tukamaliza na upande wa pili. Kisha akanikalisha kwenye usukani nipampu breki. Mara ya kwanza mguu ulizama mpaka chini kama nimekanyaga maji. Nikakanyaga tena, na tena. Yudith alikuja akapiga magoti mlangoni mwa gari, akaweka kichwa mapajani mwangu, nami nikaendelea kukanyaga mpaka pedali ikawa ngumu.

Hana alipakiwa amelala. Nilisema wasimwamshe.

Jioni Eliakimu akafika, akauona ua mtupu, nikamweleza yote.

"Shemeji, umewapa na ufundi juu! Si ungenyamaza tu?"

"Nilinyamaza," nikamjibu. "Tangu chai mpaka jua la utosi. Zaidi ya hapo sikuweza."

Akavuta kigoda, akakaa.